Sola Iliyovishwa Vitambaa

Nyumbani kwetu Kamunyonge kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata redio iliyokufa zamani ina chake, kama sanda. Mama mdogo huvifuma mwenyewe, vizito, vyeupe, maua pembeni. Nikipata divisheni wani kwenye mtihani najua nitafunikwa na mimi.

Baba mdogo naye alikuwa amenunua yoti, boti la starehe la mwenye hoteli mmoja aliyechoka akahama. Wavuvi wa mwaloni, pale wanaposhushia samaki ziwani, walimuuliza linavua nini.

"Watalii," akajibu.

"Wanaliwa na ugali?"

Friji na muziki vya boti vyote vilitegemea jenereta yenye kelele mpaka waliomo wanaongea kwa mikono. Ndipo akauza ng'ombe wake watatu wa Butiama akanunua sola: paneli nne juu ya paa la boti, betri chini ya kitanda, na inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Ukoo mzima ulinuna. Kuuza ng'ombe ununue vioo! Kazi yenyewe ya boti ilikuwa haijapatikana hata moja, mpaka kamati ya harusi kutoka Butiama iliposema itakuja Jumamosi kulikagua kama linafaa kukodiwa. Wakikataa, ukoo ungepata habari kabla hawajafika nyumbani.

Fundi alitoka Manyamanyama, kule Bunda, na vyombo vyote, akafunga kila kitu. Jumatatu friji iligandisha soda mpaka chupa ikapasuka. Baba mdogo, kwa furaha, akamleta mama mdogo botini aone. Kosa hilo.

"Na hivi vioo mnaviacha hivi hivi? Vumbi? Ndege?"

Hakufuma vipya. Alivua makochi ya nyumbani. Jumatano kila paneli ilikuwa na kitambaa, kimefungwa utepe kila kona upepo usikichukue.

Alhamisi inveta ikalia tii, tii, tii, ikazima. Fundi akarudi. Akakagua betri, akakaza nyaya, akapanda juu, akaviona vitambaa. Akamtazama mama mdogo, aliyekuwa anamkaangia sato.

"Mama, umependezesha kweli," akasema, akashuka. Betri, akatuambia, zimechoka na safari ya Bunda.

Nikamfuata baba mdogo pembeni. "Baba, sola si inatakaga jua?"

"Najua."

"Sasa vile vitambaa?"

"Vina matundu."

"Baba!"

"Basi nenda kamwambie wewe."

Nikafikiria chakula cha jioni, nikakumbuka kwamba fizikia ni somo la hiari.

Jumamosi kamati ikaja: mwenyekiti, katibu na daftari lake, na mama mmoja asiye na cheo aliyefungua kila kabati. Soda ilitoka kwenye friji ina joto la chai. Muziki ulifika nusu ya wimbo, tii, tii, kimya.

Mwenyekiti akakohoa. "Mzee, hii ndiyo ile ya ng'ombe watatu?"

Baba mdogo akapanda paani akaanza kufungua utepe.

"Mzee!" mama mdogo akaita kutoka chini. "Unavivua mbele ya wageni?"

Mkono ukasimama. Huyu mtu nimeshamwona akipita karibu na kiboko huku anapiga mluzi.

"Mama," akasema polepole, "hizi zinakula jua. Umeshaona wapi ng'ombe anapelekwa malishoni amefungwa mdomo?"

Kamati nzima, wafugaji watupu, ikageuka kumtazama mama mdogo. Siku tatu bila kula! Hata katibu alisikitika.

Mama mdogo akanyoosha mikono. "Nipe. Na ukunje vizuri, siyo kama unavyokunjaga mashuka."

Jua la saa sita lilikuwa kali. Tukawalisha sato, wakala taratibu, wakaomba ugali tena. Kama saa nzima hivi ikapita, taa ya kijani ikawaka kwenye inveta, wimbo ukaanza upya na safari hii ukafika mwisho. Ukafuata mwingine. Yule mama wa makabati akatikisa bega.

Mwenyekiti akaigusa soda. "Bado haijapoa."

"Itapoa," baba mdogo akasema.

"Andika," mwenyekiti akamwambia katibu. "Boti limepita. Soda tutakuja nazo wenyewe."

Baba mdogo akatia sahihi bila kusoma. Sahihi ikavuka mstari, akasingizia mawimbi. Ziwa lilikuwa limetulia kama uji kwenye sahani.