Krimu ya Jua Siku ya Kumzika Baba

Jua la Bukavu halikutoi jasho, ndiyo maana hakuna anayeliogopa. Upepo wa ziwa unapanda katikati ya nyumba, unakupoza shingo, nawe unadhani umesalimika. Jioni ndipo unajua. Mimi nilikuwa najua tangu utotoni. Ngozi yangu ya mikunjo ya viwiko, ya shingo, na zaidi ya uso, ilipasuka, ikatoa maji, ikakauka kama udongo wa kiangazi, kisha ikaanza upya. Nyumbani waliita upele. Daktari wa ngozi, ambaye tulimngojea kwenye benchi asubuhi nzima, aliita ekzema, na akasema kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniambia: kwamba marhamu niliyopakwa miaka mingi yalikuwa yameifanya ngozi ya uso wangu kuwa nyembamba, na uso huo haukuweza tena kukaa juani ukiwa mtupu. Nitafute krimu ya kukinga jua, akasema, isiyo na manukato, ile ya zinki. Na niijaribu kwanza ndani ya mkono.

Baba aliifanya kazi hiyo kuwa yake. Alikuwa karani wa parokia, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope, na kila alipotoka ofisini alipitia farmasi nyingine. Mara nyingi nilifuatana naye. Pale Nyawera, msichana wa kaunta alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Krimu ya jua? Papa, muzungu yako iko wapi?"

"Si ya muzungu. Ni ya binti yangu, huyu."

Msichana aliniangalia, mimi niliyerithi weusi wa mama, akacheka mpaka akashika kaunta.

"Huyu? Papa, huyu jua ilishamumaliza zamani!"

Baba naye alicheka, kwani alipenda watu wenye mdomo, lakini hakuondoka. Aliomba aoneshwe kila kitu kilichokuwa kwenye rafu. Alisoma maandishi madogo huku miwani ikiwa imepanda kwenye paji la uso, akafungua vifuniko na kunusa. Kila kitu kilinukia waridi au nazi. Akashukuru, tukatoka.

Sokoni Kadutu, mama mmoja alimuuzia kopo lililochorwa jua la manjano kwenye kifuniko. "Si unaona jua yenyewe iko hapa?" alisema, akigonga mchoro kwa ukucha. Baba aliona. Kilichomponza ni kwamba mjini kwetu jua la kwenye kopo halimaanishi kinga. Linamaanisha kung'aa, na kung'aa kunamaanisha kuwa mweupe, na krimu za namna hiyo ndizo bibi harusi wengi wanazopakwa kabla ya ndoa. Mwanamume wa tai angelijuaje hilo? Alikumbuka maneno ya daktari kuhusu kujaribu, akajipaka yeye mwenyewe ndani ya kiwiko, ngozi yake ambayo hata kiwavi hakuiwasha. Akangoja. Kisha akaniletea, ameridhika.

"Mimi haikunifanya kitu," alisema.

Nilivimba mpaka jicho moja likafunga. Usiku ule hakugusa chakula. Alikaa kwenye kiti chake akitazama kopo lile kama anayetazama mbwa aliyemwamini akamuuma mtoto wake.

Hakukata tamaa. Wakati huo mji ulikuwa na mambo mengine ya kuogopa, na farmasi nyingi zilikuwa zimebaki na rafu tupu, lakini aliendelea kuuliza. Mwishowe krimu ilikuja kutoka ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, katika mkoba wa mwenzake wa ofisini aliyekwenda Kamembe. Tyubu nyeupe, bila mchoro wowote. Haikunuka kitu. Tuliijaribu ndani ya mkono wangu, mimi na yeye tukiinama juu ya kiwiko changu kila asubuhi kama watu wanaochungulia chungu cha maharage. Ngozi ilinyamaza. Ndipo nikajipaka usoni, nikatoka sebuleni.

Krimu ya zinki haiingii katika ngozi nyeusi. Inakaa juu yake. Nilikuwa na rangi ya jivu, mdomo na macho tu ndivyo vilivyobaki vyangu.

Baba alijizuia kucheka, kisha akashindwa.

"Umekuwa ukuta ya chokaa!"

"Papa!"

"Acha. Ukuta ya chokaa haiwashwe."

Nikaanza kutoka nje. Nilikwenda Nyantende, kijijini kwa ukoo wa baba, kusalimia, nikapita kati ya mashamba mchana, nikiwa mweupe, watoto wakinikimbia wakicheka, nami nilirudi na uso uleule niliotoka nao. Sijui kama mtu mwenye ngozi nzima anaweza kuelewa furaha hiyo.

Baba alifariki mwanzo wa kiangazi. Ilikuwa presha. Alikuwa mezani pake ofisini, mchana, na walipomfikisha hospitali hapakuwa tena na la kufanya.

Upande wa baba, watoto wa kike wa marehemu hawajipaki mafuta mpaka siku ya kutawanya kilio, yaani kumaliza matanga, baada ya maziko. Hawajipaki kitu chochote. Wanakaa chini kwenye mkeka, katika sebule iliyoondolewa viti, na ngozi zao zinaachwa zikauke ili kila anayeingia aone kwamba nyumba hii imepoteza mtu. Nilijua desturi hiyo, na sikuwa nimeifikiria hata mara moja mpaka ilipokuwa yangu. Nilikaa na dada zangu. Moshi wa kuni za wapishi uliingia dirishani, vumbi la wageni likapanda kutoka sakafuni, na mashavu yangu yakaanza kupasuka. Mama, ambaye alikuwa amelala kifudifudi kwenye godoro, hakuweza kumwona mtu yeyote.

Asubuhi ya kuzika, anga ilikuwa safi kabisa. Kaburi lilikuwa Nyantende, kwenye kilima cha ukoo wa baba, ambapo miti ilikatwa zamani kwa ajili ya makaa. Niliingia bafuni, nikajifungia, nikajipaka. Nilitaka kusimama pale hadi mwisho. Nilitaka kumlilia baba yangu akishushwa, bila kufikiria uso wangu. Hayo tu ndiyo niliyotaka siku ile.

Nilipofungua mlango, shangazi alikuwa amesimama mbele yake. Dada mkubwa wa baba, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Sauti yake ilikuwa imeisha kwa kulia, akawa anaongea kwa pumzi.

"Nini hii kwa uso?"

"Ni dawa, shangazi. Ya jua."

"Dawa ya jua." Aligeuka kwa wanawake wa korido. "Mumesikia? Mutoto anaenda kuzika baba yake, anaogopa jua!"

"Anafikiri ni ndoa," alisema mmoja.

"Poda yenyewe haikuenea vizuri," alisema mwingine, na mtu akacheka, kisha akajutia kicheko chake.

"Shangazi, ni papa mwenyewe alinitafutia."

"Papa yako iko mu sanduku." Alinishika kidevu, si kwa ukali. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba. "Batu bote batakuangalia, mwanangu. Batasema ndugu yangu alizaa binti mwenye alijipodoa siku ya kumuzika. Unataka basema vile? Ama ufute, ama ubakie hapa na mama yako."

Nje, gari lilikuwa limeshawashwa. Shangazi alilowesha ncha ya kikwembe chake, kitenge alichojifunga, kwa maji ya beseni, nami nikafumba macho. Alinifuta kwa uangalifu, paji la uso, pua, mashavu, kama anayemwandaa mtoto kwenda misani. Kikwembe kilikuwa kigumu kwa vumbi na chumvi. Kilichukua krimu, na mahali palipokuwa pamepasuka kilichukua ngozi pia.

"Sasa uko binti yake," alisema.

Kule kilimani padri alisoma, na mtu akamshikia mwavuli. Sisi watoto tulisimama upande wa pili wa shimo, tumelielekea jua. Upepo ulikuwa baridi. Niliusikia uso wangu ukikazwa polepole, kama ngozi ya ngoma inayokaushwa. Kisha kamba zikaanza kulegezwa, sanduku likashuka, na chozi la kwanza likatoka.

Sikujua kama chozi linaweza kuunguza hivyo. Lilipopita shavuni palikuwa kama pametiwa limau. La pili lilifuata njia ileile. Nilikunja ngumi, nikauma ulimi, nikaanza kufikiria vitu vyovyote, vifungo vya kanzu ya padri, mbuzi aliyekuwa akila majani kule chini, ili mengine yasitoke. Yakakoma. Dada zangu walilia kwa sauti, wakashikiliwa. Mimi nilisimama na macho makavu, nikimtazama baba akifunikwa, na nilichokuwa nikihisi kilikuwa mashavu yangu.

Tuliporudi, nilisikia wanawake wakinawa mikono nyuma ya nyumba.

"Ule wa katikati hakulia."

"Niliona. Bale basomi, roho yabo iko kavu."

Siku ya kutawanya kilio, uso wangu ulikuwa umevimba na kuanza kumenyeka. Shangazi alisema ni huzuni, imekosa njia ya machozi ikapitia kwenye ngozi. Alinihurumia kweli. Alikuja na chupa ya mafuta ya waridi, akawapaka dada zangu mmoja baada ya mwingine, kisha akakaa chini, akaweka kichwa changu mapajani mwake.

Ningeweza kusema hapana. Lakini mikono yake ilikuwa na umbo la mikono ya baba, vidole vifupi, dole gumba pana, na nilikuwa nimechoka kuwa binti wa ajabu. Nikamwacha apake. Maumivu yalikuja mara moja, nikapiga kelele, na machozi yote niliyoyazuia Nyantende yakatoka pamoja.

"Ni vile," alinong'ona shangazi, akiendelea kupaka. "Lia, mwanangu. Mulilie papa yako."