Mama Aliyeikataa Nguzo

Wiki iliyopita tulimzika Mikindani mama mmoja aliyekuwa akiuza vitenge sokoni Mtwara. Sitamtaja jina, maana mwenyewe hakupenda kusemwa, hata kwa mema. Nilikuwa jirani yake kwa miaka mingi, milango yetu ikitazamana. Msibani watu walilia, kisha mmoja akataja kuku wa marehemu, na kibaraza kizima kikaangua kicheko. Wasomaji wangu, naomba niwaeleze sababu.

Mnajua jinsi kampuni za simu zilivyobadilika. Zamani zilituuzia laini na vocha tu; siku hizi zinataka kuingia mpaka sebuleni na intaneti ya waya, isiyokatika katikati ya maongezi. Habari hiyo ilipofika mtaani kwetu, hakuna aliyeifurahia kumshinda mama yule. Binti yake ameolewa Muscat, na wakati huo alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Bibi alimwona mjukuu kwenye simu kwa vipande: leo pua, kesho sikio, halafu picha inaganda. Kampuni ilisema haileti waya kwa wateja wawili watatu, kwa hiyo alipita nyumba kwa nyumba akituhimiza tujiandikishe, mpaka tukatosha.

Mafundi wakaja, wakaanza kuchimba shimo la nguzo kwenye kichochoro, ubavuni mwa ukuta wa jirani yake mwingine. Jirani huyo ni maalimu mzee, haoni, na huenda msikitini peke yake akiupapasa ukuta ule kwa mkono. Yeye na mama walikuwa hawasemezani. Kuku wa mama walizoea kuingia kwa maalimu na kutaga kwenye mkeka wake wa kuswalia, na siku moja yakatoka maneno makali. Tangu hapo hata salamu zilikatika.

Mama akatoka nje, akawaomba mafundi wasimamishe kazi. Mkubwa wao akadhani anadai kiwanja, akamweleza kwa upole kwamba ile ni njia tu, haina mwenyewe.

“Ina mwenyewe, mwanangu,” mama akasema. “Anapita hapa kwa mkono. Ukisimika nguzo yako, alfajiri atajigonga uso.”

Fundi akasema ramani imeshapitishwa, na pakishindikana hapo watahamia mtaa mwingine. Majirani tukamzunguka kumsihi. Mmoja akamuuliza vipi anamtetea mtu ambaye hata hamsalimii. Akajibu kwamba ugomvi wao ni wa kuku, si wa macho. Mafundi wakafunga vifaa vyao wakaondoka, na baadhi yetu tukaingia ndani tumenuna. Jioni nilimkuta jikoni, chungu kinachemka naye hana habari nacho. Aliniambia pengine amejinyima mjukuu kwa mikono yake mwenyewe, lakini hata wakirudi kesho atawaambia vilevile.

Haukupita muda mrefu, akaja msimamizi wao. Alikagua kichochoro, akakiri kwamba mama ana haki, akasema nguzo inaweza kusimama uani kwake, ila mahali panapofaa ni pale lilipo banda la kuku. Mama akacheka. Banda likavunjwa, kuku wengine wakauzwa, wengine wakapikwa siku intaneti ilipowashwa, na sahani ya kwanza ikapelekwa kwa maalimu. Alipoelezwa yaliyotokea, maalimu alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

“Dada,” akasema, “ningejua dawa ya kuku wako ni intaneti, ningeiombea dua zamani.”

Baada ya hapo alasiri nyingi maalimu alikuwa akiketi sebuleni kwa mama wakiongea na Muscat. Mama alimsimulia sura ya mtoto: meno yanayoota, nywele zilizonyolewa. Mtoto alipoanza kusema, maalimu ndiye aliyemfundisha herufi za Kiarabu, mmoja Mikindani, mwingine ng’ambo.

Nimeyawaza hayo sana tangu tutoke makaburini. Mawimbi ya simu yalitupita juu ya vichwa bila kumbishia mtu hodi, tukazoea kwamba huduma ni jambo la mtu na simu yake. Waya hauwezi hivyo. Lazima upite ukutani kwa fulani na uani kwa fulani, na watu waliokatiana salamu hulazimika kuulizana. Kampuni hizo zitaendelea kuja, na ni heri zije. Zikifika kwenu, msiwe na haraka ya kuuliza kasi ya intaneti. Kwanza mkumbukeni anayepita pale zinapotaka kuchimba, hata kama ni yule msiyesalimiana naye.