Tulifyeka Kaburi la Wenyewe

Segyong, binti wa kaka yangu Taeshik, amependa mawe tangu utotoni. Mifuko ya makoti yake ilikuwa ikitoboka kwa kokoto, mama yake akishona huku amenuna. Alipoingia chuo kikuu kusoma jiolojia hakuna aliyeshangaa. Ugomvi ulianza alipotakiwa kuchagua somo kuu la pili la kwenda sambamba nayo. Kaka alitaka biashara, kama wanavyochagua watoto wa watu siku hizi. Segyong alitaka maandishi ya kale, zile herufi za Kichina walizotumia mababu zetu hapa Korea. Kaka akamwambia mawe hayasemi na wafu hawaajiri mtu, naye anataka kula kwa wote wawili. Wakanuniana wiki nzima, na mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Jumatatu.

Jumamosi tukapanda mlimani kufyeka makaburi ya ukoo, kama kila mwaka kabla ya sikukuu ya mavuno. Ila safari hii baba yetu hakuwapo. Tulimzika wakati wa baridi. Yeye ndiye aliyekuwa akitangulia, sisi tukiufuata mgongo wake. Sasa kaka alishika uongozi, na kwa kishindo. Alilifyeka kaburi la babu yetu likawa kama kichwa kilichotoka kunyolewa, akamwaga pombe ya mchele, tukainama mpaka paji la uso likagusa ardhi. Kaka akamweleza babu habari za msiba, akalia. Nami nikalia.

Mara ikatokea familia nyingine na mashine zao za kufyekea. Mwanamume mmoja akalitazama kaburi, akatutazama sisi.

"Samahani, ndugu zangu," akasema. "Mbona mnamlilia babu yetu?"

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Walitushukuru kwa kuwafyekea, tena wakicheka, na hicho kicheko ndicho kilichoniuma.

Pembeni kulikuwa na makaburi mawili yaliyomezwa na nyasi. Herufi za Kichina kwenye mawe yake zilikuwa zimelika kwa mvua na kuvu. Segyong akazipiga picha kwa simu ili izitafsiri, simu ikatoa upuuzi. Kaka akamgeukia.

"Si wewe ndiye wa mawe? Haya, la babu lipi?"

Segyong akapitisha kidole juu ya jiwe, taratibu.

"Jiwe nalijua, baba. Hata mlima lilikochongwa naweza kukuonyesha. Ila ni la nani, sijui."

Hakusema kwa kusuta. Kuuliza si ujinga, lakini tulikuwa na baba miaka yote ile na hakuna aliyemuuliza babu amelala wapi. Nilimwonea kaka huruma, na nilijionea aibu.

Kaka akayafyeka yote mawili. Akamwaga pombe kwenye yote mawili, akainama, akaomba radhi kwa yeyote aliyelala humo. Kisha akaketi juu ya nyasi zilizokatwa, bila kumtazama bintiye.

"Jumatatu kajiandikishe hayo maandishi yako," akasema. "Mwakani nataka kumwinamia babu yangu mwenyewe, si kubahatisha."