Siku Nilipoendesha Lori la Mabua

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa pamba, mwanangu, nilipotoka nyumbani kwetu Ngulyati na sanduku la vifaa begani kwenda kutengeneza mabenchi ya chekechea. Nilikuwa fundi seremala, kijana wa miaka ishirini na minane, mwenye nguvu nyingi na maneno machache. Nyuma yangu alikuja binti yangu Doto, mwenye miaka mitano, akiburuza kandambili. Tulitembea njia nzima bila kuzungumza. Siku zile nyumbani kwetu hatukuzungumza sana.

Nikueleze sababu. Doto alizaliwa pacha, na kwetu sisi Wasukuma, kama ujuavyo, anayetangulia kuzaliwa ni Kulwa, anayefuata ni Doto. Msimu wa kupanda uliotangulia, Kulwa alishikwa na homa. Mama yao, Kwandu, alinifuata shambani asubuhi akasema, "Baba Kulwa, mtoto anawaka moto. Kuna lori linakuja, linakwenda Bariadi kwenye hospitali. Tulisimamishe." Mvua ilikuwa imenyesha, ardhi laini, ng'ombe wameshafungwa jembe. Nikamwambia, "Tuone hadi kesho." Lori likapita, nikaliona kwa macho yangu. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi iliniumiza mahali pabaya kuliko tumbo. Kesho yake mchana nilikuwa napiga randa mbao za sanduku dogo. Nililitengeneza mwenyewe. Sikukubali fundi mwingine aliguse.

Matanga yalipoisha nikatoa amri kwamba jina la Kulwa lisitajwe nyumbani kwangu. Majirani walioniita Baba Kulwa nikawaambia mimi sasa ni Baba Doto. Mke wangu alinitazama, akanyamaza. Doto naye akanyamaza. Nikaona nimetuliza nyumba.

Basi tulifika. Chekechea ilikuwa chumba kimoja pembeni ya kanisa, na uwanja wa mchanga mbele yake. Mwalimu wake alikuwa Mwalimu Minza, mama mtu mzima aliyekuwa amelea nusu ya watoto wa kata ile. Nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, naye akaniitikia, akanionyesha mabenchi yaliyolegea miguu. Nikakaa pembeni, nikaanza kugonga.

Nilidhani nitasikia watoto wakikariri a, e, i, o, u. Badala yake Mwalimu aliwauliza, "Leo tunajenga mji wetu. Mji una nini?"

Wakajibu kwa fujo. Mmoja alisema mji una ng'ombe, mwingine duka la baba yake, mwingine akasema mji una polisi na maandazi. Mwalimu hakumkataa hata mmoja. Aliwapa mabua ya mtama, makopo, vipande vya kanga, na udongo aliokuwa ameulowesha tangu jana yake. Muda si muda uwanja ukawa umejaa. Wengine walifinyanga ng'ombe na kuwachomeka miiba iwe pembe, kisha wakawahesabu wakiwaingiza zizini, na walipokosea Mwalimu aliwaambia tu, "Ng'ombe mmoja amepotea, mtafuteni." Wakahesabu upya kwa bidii, mwanangu, kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona akihesabu ubaoni. Kulikuwa na soko, na hospitali ya mkeka mmoja, ambako daktari alikuwa kitoto chenye kamasi kilichovaa kamba shingoni. Wanne waliunganisha mabua wakasema ni lori, wakapakia vipande vya pamba, wakazunguka uwanja wakinguruma kwa midomo, eti wanapeleka pamba kiwandani Maswa.

Mimi niliendelea kugonga misumari. Moyoni nilisema, huu ni upuuzi, watoto wanapotezewa muda. Kijana hukosa mengi, lakini hakosi neno la kulaumu.

Ndipo nikamsikia Doto. Sauti yake ilinishtua, maana nyumbani nilikuwa nimeshaisahau. Alikuwa amesimama katikati ya njia ya lile lori, mkono mmoja umeinuliwa, mwingine umepakata gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa.

"Simama," alisema. "Kulwa ana homa. Tupeleke hospitali."

Lori likasimama. Wale watoto walishusha pamba yao yote chini ili mgonjwa apate nafasi, wala hapakuwa na aliyeuliza swali.

Sijui nilivyofika pale. Ninachokumbuka ni kwamba nilimnyang'anya lile gunzi, nikalitupa mchangani, nikasema kwa sauti kubwa, "Kulwa hayupo. Usirudie mchezo huu."

Doto hakulia. Alilitazama gunzi, akanitazama mimi, akasema polepole, "Baba, umemwangusha."

Mwalimu Minza aliwaita watoto wakanywe uji. Walipoondoka, aliinama akaliokota lile gunzi, akalipangusa mchanga kwa upindo wa kitenge chake kama mtu anayempangusa mtoto uso. Hakunifokea. Ingekuwa nafuu kama angenifokea.

"Baba Kulwa," alianza, na alikuwa mtu wa kwanza kuniita hivyo kwa miezi mingi. "Mtoto wako si mwongo, wala hajachanganyikiwa. Anajua dada yake amezikwa wapi, ameshanionyesha kwa kidole. Kila tunapocheza mji, yeye husimamisha lori. Kila mara. Unajua kwa nini?"

Nikaligeukia lile lori la mabua lililoachwa mchangani.

"Kwa sababu siku ile halikusimama. Aliliona likipita kama wewe ulivyoliona. Wewe una nyundo na msumeno. Ukiumia, unagonga. Yeye ana gunzi. Sasa na hilo unalitupa."

Nilikaa chini pale pale mchangani, mwanaume mzima. Mficha maradhi kilio humfichua. Miezi sita nilikuwa sijatoa chozi mbele ya mtu, siku hiyo nililia mbele ya Mwalimu wa chekechea na ng'ombe wa udongo. Nilipoweza kusema nikamuuliza, "Sasa nifanye nini, mayu?"

Akanipa lile gunzi. "Wakimaliza uji watarudi. Lori lao halina dereva mtu mzima. Kamwombe binti yako akuajiri."

Watoto waliporudi nilimwendea Doto, nikachuchumaa, nikamwomba kazi ya udereva. Alinikagua kutoka kichwani hadi miguuni, uji ukiwa umemkaukia mdomoni.

"Utasimama?" aliuliza.

"Nitasimama."

"Usiseme kesho."

"Sitasema kesho."

Nikaingia kati ya yale mabua, nikanguruma. Wenzangu wanne walinikosoa, wakasema lori la mzigo halingurumi hivyo, nikajifunza kwao. Doto aliinua mkono, nikasimama, nikampokea Kulwa kwa mikono miwili. Akaniagiza nimfunike vizuri, kuna upepo. Tulikwenda mpaka kwenye ule mkeka. Daktari alimpima kwa kamba yake, akafuta kamasi, akatangaza kwamba mgonjwa amepona na apewe uji. Doto akamchukua, akamlaza begani, akashusha pumzi.

Mabenchi sikuyamaliza siku hiyo. Tulirudi nyumbani nimemshika mkono, na njiani akaniuliza swali ambalo bila shaka alikuwa amelibeba miezi yote: "Baba, Kulwa wa kweli aliniulizia?"

Nikamweleza ukweli. Nilimwambia kwamba jioni ya siku lile lori lilipopita Kulwa aliuliza, "Doto yuko wapi?", nami nikamjibu kwamba yuko kwa shangazi tulikompeleka mchana, atakuja. Doto akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa salamu zilizochelewa.

Nyumbani tulimkuta Kwandu akipepeta mtama. Nikamwambia, "Leo nimemsikia Kulwa akitajwa, na sikufa." Aliweka ungo chini. Tulilia pamoja kwa mara ya kwanza, na baada ya kulia tulizungumza, na baada ya kuzungumza Doto akatuchekesha kwa kuigiza jinsi Kulwa alivyokuwa akimkimbia jogoo. Tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na watoto wawili tena, mmoja wa kumshika na mmoja wa kumkumbuka.

Mwanangu, miaka imekwenda. Mwalimu Minza ametangulia, na Kwandu wangu naye ametangulia. Doto ni fundi cherehani kule Mwanhuzi, ana watoto wakubwa. Akija kunitembelea namtazama nywele, zimeanza mvi mbili tatu juu ya sikio, na ninajua kwamba Kulwa naye leo angekuwa nazo pale pale. Hivyo ndivyo ninavyomwona akikua. Uchungu wa mwana haupungui uzito, ila mkiubeba wengi mabega hayachubuki. Zipo asubuhi ninazotamani, kuliko chakula, nirudishiwe saa moja tu ya uwanja ule, watoto wanikosoe tena mngurumo wangu.

Juzi ulimpeleka mwanao darasa la awali, nikakusikia ukilalamika kwamba amerudi na udongo kichwani bila herufi hata moja daftarini. Ndiyo maana nimekuita. Herufi zitakuja, hazina haraka. Muulize kwanza leo mji wao ulikuwa na nini, na akikujibu sikiliza kama unavyosikiliza wakubwa wenzako, maana mtoto huweka mchezoni lile asiloweza kulisema mezani. Akikupa kazi katika mchezo wake, ipokee, hata kama suruali itachafuka. Usimkataze kumtaja anayempenda, awe hai au awe kaburini. Na mtoto akiwaka homa, acha jembe, acha ng'ombe, simamisha chochote kinachopita barabarani. Kesho si ya kuwekea mtoto rehani.

Nenda sasa, muda wa kumchukua umekaribia. Mungu aijaze nyumba yako kelele za watoto, akupe magoti ya kuchuchumaa mbele yao na masikio yasiyochoka. Na uliyempoteza, kama yupo, akutunzie jina lake likiwa tamu mdomoni mwako mpaka uzee.