Wa Mwisho Kwenye Beseni

Wafu wa mabomu tuliwahesabu. Wafu wa beseni hakuna aliyewahesabu. Nasema beseni kwa sababu kila mtu wa Kisangani analijua: beseni moja la maji linalozungushwa kabla ya kula. Baba anatumbukiza mikono kwanza, wageni wanafuata, kisha mama, kisha watoto kwa umri. Mdogo kuliko wote ananawa mwisho, katika maji yaliyogeuka tope, halafu anamega fufu, ugali wetu wa muhogo, kwa mkono huo huo. Jambo hilo tunaliita heshima.

Mama Hadidja alikuwa akifundisha watoto wadogo katika shule ambayo wazazi wa komini ya Kisangani, mtaa mmoja wa mji wetu, waliianzisha ndani ya ghala la zamani la kahawa. Mimi nilifundisha wakubwa kidogo, upande wa pili wa pazia, kwa hiyo alichosema nilikisikia chote. Alitoka katika jamaa za Waislamu waliokaa mji huu tangu enzi za babu wa babu zao. Mumewe, Zuberi, alikuwa seremala.

Mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi mawili ya kigeni yaligombania mji ambao haukuwa wa yeyote kati yao. Siku sita walirushiana mizinga juu ya vichwa vyetu. Walipochoka, mabomba ya maji yalikuwa makavu. Tukachota mtoni, tukachota vijitoni, tukanywa tulichopata. Hakuna jemadari aliyerudi kuuliza watoto wanakunywa nini. Mwezi uliofuata Moussa, kitindamimba wa Hadidja, alishikwa na tumbo la kuhara, na kabla ya wiki kuisha Zuberi alikuwa akimpigia misumari jeneza.

"Beseni ndilo lililomuua? Sijui," Hadidja aliniambia siku moja akifagia darasa. "Najua tu kwamba yeye alikuwa wa mwisho kunawa, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia asubiri zamu yake."

Aliporudi kazini aliapa kwamba hakuna mtoto wa darasa lake atakayenawa tena katika uchafu wa mwenzake.

Alisaga makaa, akayachanganya na mafuta ya mawese, akampaka mtoto mmoja, Franck, kiganjani. "Haya, salimianeni!" Watoto wakapeana mikono kwa kelele. Muda si muda weusi ulikuwa mashavuni, puani, hata kwenye chikwange ya mtu, mkate wake wa muhogo.

"Nani amemsalimia Franck?"

"Mimi hapana!" akasema Kahambu. "Mimi nilisalimia Émile!"

"Basi makaa yamefikaje puani mwako?"

Kahambu akamgeukia Émile. "Weye iko muchafu!"

Ghala zima likacheka. "Vijidudu vinatembea hivyo hivyo," akasema Hadidja, "ila vyenyewe havionekani."

Kisha akawapanga watoto wanawe mikono kwenye beseni moja. Wa mwisho alitoa mikono myeusi kuliko alivyoiingiza. Hapo Hadidja akachukua sabuni na birika lake la plastiki lenye mistari, akamwaga maji juu ya mikono ya kila mmoja. "Maji yakishapita mkononi, yaende chini. Hayarudi."

Katika darasa hilo alikuwepo Prudence, mtoto wa mwisho wa Papa Paluku, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Papa Paluku aliuza mafuta na sabuni kwa jumla, naye alikuwa prezida wa komite ya wazazi. Jumapili alialika wageni. Beseni lilipomfikia Prudence, alificha mikono nyuma ya mgongo, akasema maji ya wageni yana vijidudu. Jumatatu asubuhi baba yake alikuwa mlangoni kwetu.

"Mama Hadidja! Bon. Unafundisha watoto yetu nini hapa?"

"Kunawa mikono, Papa Paluku."

"Kunawa? Na hii birika? Hii iko birika ya musikiti! Nyinyi munajimwangia maji vile mbele ya kusali. Donc mutoto wa Mukatoliki anatawaza kila saa ya kula!"

"Papa, mikrobe haiulizi mutu alibatizwa wapi."

"Ameniaibisha mbele ya wageni, mama! Ameita wageni yangu wachafu!"

"Alisema maji. Wageni hakuwagusa."

Komite ikakutana jioni hiyo. Mji ulikuwa umetobolewa na mizinga, watoto walikuwa wakizikwa kila wiki, na watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto kujadili dini ya birika! Nikasimama, nikawaambia hivyo hivyo.

"Professeur, kaa chini," mmoja akasema. "Weye hata mutoto moja hauna." Wakacheka.

Uamuzi ukatolewa: birika litoke, au mwenye birika atoke. Hadidja akainuka, akalikumbatia birika lake, akaenda nalo nyumbani. Nikamfuata barabarani nikichemka. Nilimwambia ameshindwa, amewainamia watu wajinga.

"Wewe unapenda birika," akanijibu. "Mimi napenda maji yanayomwagika. Niachie nifikiri."

Kesho yake aliwaomba watoto walete bidoni tupu, yale madumu ya plastiki. Prudence alifika amekumbatia bidoni ya njano ya mafuta, iliyokaribia ukubwa wake mwenyewe, yenye muhuri mwekundu wa depo ya baba yake. Hadidja akachoma msumari motoni, akatoboa chini, akaziba tundu kwa kijiti. Mzazi mmoja, mvuvi wa kabila la Wagenia, akaitundika mlangoni kwa kamba ya mitego yake. Ukivuta kijiti, maji yanatiririka.

Papa Paluku akaja kukagua. Alisimama mbele ya bidoni muda mrefu, akasoma muhuri.

"Hii iko ya kwangu."

"Ndiyo, papa," akasema Hadidja. "Hii iko Mukatoliki."

Watoto wakacheka bila kujua wanacheka nini. Prudence akavuta kijiti. "Papa, leta mikono." Akaileta.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Papa Paluku aliwatangazia watu kwamba komite yake imeleta usafi shuleni, na kwamba sabuni nzuri ipo kwenye depo. Kwetu hakuwa ametoa hata kipande. Jina la Hadidja halikutajwa, la Moussa ndiyo kabisa. Nilikwenda kwa Hadidja kwa hasira. Nikamwambia aseme, apige kelele, awaambie mji mzima nani alizika mtoto na nani anauza sabuni. Mpaka leo sijawasamehe, wala sitaki kuwasamehe.

Hadidja alisubiri hadi Jumatatu, akamwita Prudence mbele yangu.

"Nyumbani kwenu, nani ananawa kwanza?"

"Papa."

"Umesikia?" nikasema. "Hakuna kilichobadilika!"

"Na wa mwisho?"

"Mimi."

"Katika maji ya nani?"

Prudence akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Maji yangu. Papa ametundika bidoni mukubwa."

Hadidja akageukia mlango, akarekebisha kijiti cha bidoni ambacho hakikuwa na kasoro yoyote.