Shoka la Mama na Mvua ya Mawe

Kila mvua ya mawe inapoangukia majani chai yetu huku upande wa Roret, hakosekani mtu wa gari anayesimama kando ya barabara, akapiga picha, akaandika kwenye simu yake kwamba Kericho imekuwa Ulaya. Huwa nakasirika. Hayo meupe anayoyachekea ndiyo yaliyotuchanachania chai, na zitapita wiki nyingi kabla ya vichaka kutoa tena majani ya kuchuma. Lakini nikisema kweli, hasira yangu ina wivu ndani yake. Nilipokuwa mtoto, hakuna kitu nilichokipenda kuliko mvua hiyo.

Ilikuja alasiri, baada ya jua la kuchoma utosi. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikilizana, na ua ukageuka mweupe tukiutazama. Tulitoka mbio tukiwa tumevaa sufuria kichwani, tukachota barafu kwa mikono miwili na kuila mpaka meno yakauma. Kisha Mama alituharibia. Alilichukua shoka la kupasulia kuni, akalipaka jivu la jikoni, akalirusha uani huku akiiambia mbingu kwa Kikipsigis inyamaze. Mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake pia. Mchungaji aliwahi kumwambia aachane na mambo hayo, naye akamjibu, "Pastor, huyo Mungu alitengeneza mvua ndiye alitengeneza shoka." Na ajabu ni kwamba mara nyingi mawe yalipungua kweli. Sisi tulisimama mlangoni, vidole vimekufa ganzi, tukamnunia mpaka wakati wa kula.

Siku hizi nimerudi kuishi naye. Nafundisha shule ya jirani, na nikitoka huko nafundishwa na Mama kuwa na subira. Kusahau kwake kulianza polepole. Alitia chumvi kwenye chai. Alimwita ng'ombe kwa jina la ng'ombe tuliyemuuza zamani. Kanisani aliimba wimbo mmoja huku wenzake wakiimba mwingine, na kwa kuwa sauti yake ni kubwa, wenzake ndio waliobadilisha. Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Moyoni nikajiwekea kipimo changu, ambacho sikumwambia mtu: maadamu Mama anakumbuka shoka, bado tuko naye.

Jumamosi moja nilikuwa shambani nikichuma na mke wa kaka yangu. Asubuhi ilikuwa na joto baya, lile la kukaa tu juu ya chai bila upepo. Baada ya chakula cha mchana wingu likapanda kutoka upande wa ziwa, tumbo lake likiwa na rangi ya kijani iliyooza. Ndege walinyamaza. Mbwa wa jirani aliingia chini ya ghala la mahindi na akakataa kutoka.

"Mwalimu," mke wa kaka aliniambia, akifunga kikapu chake, "hiyo wingu imebeba mawe. Wacha tuende nyumbani."

Tulimkuta Mama ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Tulipokaribia ndipo nilipojua kwamba siogopi wingu hata kidogo. Nilikuwa nikiitazama mikono yake. Nililichukua shoka nikaliegemeza karibu na goti lake, na nikangoja.

"Mama, ona hilo wingu," nikasema.

Akalitazama. Kisha akalitazama shoka, akapitisha kidole gumba juu ya makali yake.

"Nani anataka kupasua kuni saa hii?"

"Si ya kuni, Mama. Ni ya mvua."

"Kwani mvua inapasuliwa?" Akacheka, akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyeanza kupotea. Mke wa kaka aliinamisha uso, akajifanya anatafuta kitu kikapuni.

Jiwe la kwanza likagonga bati. Kimya. Kisha la pili. Nikasema basi, nitalitupa mwenyewe, ingawa sikuyajua vizuri yale maneno. Nikaingia jikoni na shoka, nikapiga magoti kwenye mafiga, nikalipaka jivu pande zote mbili. Wakati huo mawe yote yakaachiliwa kwa pamoja, na mabati yakaunguruma. Nilipoinuka kigoda kilikuwa kitupu. Ndara zake zilikuwa zimebaki mlangoni.

Nilijifunika karai kichwani nikatoka, shoka bado mkononi. Mke wa kaka alikimbilia upande wa barabara, mimi nikashika njia ya shambani. Mawe yalikuwa yameanza kama maharagwe, sasa yakawa kama ndimu ndogo, na yalipoligonga karai nilisikia mpaka kwenye meno. Radi ilipasuka mahali karibu sana. Niliita, "Mama! Mama!", nami mwenyewe sikuisikia sauti yangu. Nilipita kati ya mistari ya chai nikitazama chini, kwa sababu nilikuwa na hakika nitamkuta ameanguka. Nilikuwa nimeshaanza kuwaza nitakavyomwambia kaka.

Alikuwa amesimama katikati ya chai, pekupeku, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Damu nyembamba ilimtiririka kwenye paji la uso. Majani yalikuwa yakichanika kumzunguka, na harufu ya chai mbichi ilijaa hewani kama kiwandani. Alikuwa ameinua mikono miwili, amekinga mawe viganjani, na alikuwa anacheka. Sijawahi kumsikia Mama akicheka hivyo, maisha yangu yote.

Kisha akaniona. Macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, kwenye lile shoka lililopakwa jivu, na kicheko kikakatika. Uso alioufanya niliujua vizuri. Ulikuwa uso wetu sisi, tuliposimama mlangoni na vidole vilivyokufa ganzi.

"Mama," akaniambia kwa Kikipsigis, kwa sauti ndogo ya msichana anayebembeleza. "Tafadhali usilitupe. Bado kidogo tu."

Nyuma yake chai yetu yote ilikuwa inaisha. Nililificha shoka nyuma ya mgongo. Nikalivua karai na kumfunika nalo kichwa, mawe yakanipiga mimi.

"Sitalitupa," nikamjibu. "Cheza, mtoto wangu."