Mgeni Aliyeondoka Bila Kula

Kwetu, upande wa Naipingo, mgeni haambiwi jambo baya akiwa bado amesimama. Akiuliza habari ataambiwa ni njema, hata kama ndani mna maiti. Ataketishwa, atapewa maji, atakula, atanawa mikono, na hapo ndipo mwenye nyumba atakohoa kidogo na kusema, "Ila sasa..." Baada ya hiyo "ila" ndipo habari zenyewe huanza. Nililelewa hivyo, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka mwaka ule.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mradi wa karanga umeshakufa. Matrekta yalikuwa yameng'oa msitu wetu, yakaondoka, na kando ya barabara ikabaki nyumba ndogo ya matofali iliyokuwa dispensari ya vibarua. Baadaye serikali ikawa inatuletea dresa, mhudumu wa matibabu, kutoka Nachingwea mjini, mtu wa baiskeli mwenye sanduku la dawa nyuma. Akija, tulipanga foleni. Asipokuja, tulikaa na homa zetu. Mwaka huo alikuja mara ya mwisho kabla hatujavuna mtama, na nyumba yenyewe ikageuka malazi ya mbuzi wa jirani.

Dada yangu alikuwa mjamzito. Alishazaa mara mbili, watoto wote wawili wakatoka wamekufa, na mara ya pili damu ilimtoka mpaka tukamwomba Mungu amchukue apumzike. Mkunga wa hospitali ya mjini alimwonya kwamba asijaribu tena kuzaa mbali na mtu mwenye dawa ya kuzuia damu. Sasa mimba hii ilikuwa inaelekea kuiva katikati ya masika, wakati bonde lililo kati yetu na mji hujaa maji hata lori halipiti. Mjini hatukuwa na ndugu wa kumpokea akakae kungoja siku zake. Kwa hiyo tumaini letu lilikuwa moja tu, dresa wa kukaa palepale kijijini, naye afike kabla ya mvua.

Ndipo jumbe wetu, mkuu wa kijiji, alipopata habari kwamba anakuja mheshimiwa mmoja wa Baraza la Kutunga Sheria kule Dar es Salaam. Siku hizi tungemwita mbunge. Alikuwa anazunguka kuangalia hali ya matibabu vijijini, ili akirudi aiulize serikali mbele ya Baraza zima. Dada alifurahi kuliko mtu yeyote. Mbuzi walitolewa, wanawake tukafagia, tukasiriba nyufa, tukapaka chokaa. Yeye na tumbo lake akawa anabeba maji. Nilipomkataza alinijibu kwamba nyumba ikipendeza, serikali itaona aibu kuiacha tupu.

Mheshimiwa alifika na gari la serikali, pamoja na dereva na karani wa boma, ofisi ya wilaya. Mheshimiwa alikuwa mtu wa mbali, hakujua neno hata moja la Kimwera, na Kiswahili cha jumbe wetu kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia mbaazi. Karani ndiye aliyekuwa mkalimani. Huyo alikuwa Mmwera mwenzetu, mzaliwa wa Ruangwa, mama yake tulikuwa tunakutana naye mnadani. Nayasema haya mapema ili ieleweke hasira yangu ilielekea kwa nani.

Mheshimiwa aliitazama nyumba nyeupe, akachungulia dirishani, akaona sakafu safi na benchi. Kisha, bado amesimama, akauliza kama hapa dawa tunapata. Karani akatafsiri. Jumbe akavua kofia yake, akajibu kama alivyolelewa.

"Tunapata, tunashukuru. Karibuni mkae."

Karani aliandika. Kuku walikuwa jikoni, wali ulikuwa umeshapakuliwa, na ilikuwa imepangwa kwamba wageni wakishanawa jumbe atasema yote na dada atasimama aonekane. Alikuwa amevaa kanga yake mpya, amekaa na sisi wanawake, anapanga maneno yake kimoyomoyo. Nilikuwa naona midomo yake inavyocheza.

Ngurumo zikasikika. Zilikuwa mvua za kwanza tu, lakini dereva alianza kulizungumzia lile bonde. Mheshimiwa alitazama saa, akatushika mikono mmoja mmoja, akasifu nyumba yetu, akaomba radhi kwa chakula. Jumbe alilifuata gari na kofia mkononi, akisema kwa Kimwera kwamba bado hatujasema. Karani alikuwa dirishani, tena upande uleule wa jumbe, wala hakutafsiri. Gari likaondoka, na kuku tukawala wenyewe.

Kesho yake jumbe alituma mtu bomani aeleze yaliyobaki. Alirudi akasema ameambiwa maneno yetu yameshapokelewa na yameshapelekwa.

Baada ya majuma kadhaa mwalimu wa shule yetu alirudi kutoka mjini na gazeti, akatusomea barazani kwake. Haki yake nimpe, mheshimiwa aliuliza. Aliuliza serikali ina mpango gani wa kuweka madresa wa kudumu na wakunga katika vijiji vya wilaya yetu. Serikali ikajibu kwamba kwetu ipo nyumba nzuri ya dispensari, na kwamba wenyeji wenyewe, walipoulizwa na mheshimiwa mbele ya karani wa boma, walisema dawa wanapata na wanashukuru. Mheshimiwa hakuwa na swali jingine. Wakaendelea na habari za barabara.

Dada alimwomba mwalimu arudie kusoma. Akarudia.

"Kumbe mimi nimeshapata dawa," dada akasema. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akaenda kutwanga.

Uchungu ulimshika asubuhi moja ya masika, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha. Wanaume walimlaza kwenye kitanda cha kamba, wakambeba. Mimi nilishika kichwa chake. Tulipofika bondeni maji yalikuwa yanamfikia mtu kifuani, na mti mzima ulikuwa unapita unaelea. Tukamweka ukingoni kungoja. Damu ilianza pale, ikapita katikati ya kamba za kitanda, ikaingia kwenye matope. Aliniuliza kama maji yanapungua. Nikamwambia yanapungua. Yalikuwa yanapanda. Alikufa hapohapo na mtoto wake tumboni, tukageuka na kitanda kilekile.

Matanga hayajaanuliwa bado, maji yalishuka na karani akapita kwetu na baiskeli katika safari zake za boma. Mama yangu alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimefungwa kaniki.

"Habari za hapa, mama?"

"Njema, mwanangu. Karibu ukae."

Alikaa. Akaletewa ugali na kisamvu, akala polepole, hakuuliza kitu. Mimi ndiye niliyemnawisha. Alipomaliza kunawa hakuinuka. Aliinamisha kichwa, akaweka mikono magotini, akatulia. Nikatambua kwamba anasubiri. Aliona watu wamekaa chini, aliona ile kaniki, na alijua vizuri kabisa kwamba ile "njema" ilikuwa na sehemu ya pili. Mama akakohoa.

"Ila sasa, mwanangu, binti yangu mkubwa ametutoka. Uzazi."

Karani alitoa pole kwa Kimwera safi. Birika bado lilikuwa mkononi mwangu.

"Leo umesubiri," nikamwambia. "Siku ile kwa nini hukumwambia mheshimiwa asubiri?"



"Niliandika kilichosemwa," akajibu.

Mama alinikemea. Alisema mgeni hasemeshwi hivyo, tena msibani, na akaniagiza nimletee maji ya kunywa. Nilikwenda mtungini, nikachota, nikampa karani kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Aliyanywa yote, akanirudishia kata, akashukuru.